Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Bwawa la Nairobi: Zibeni Maji Taka Kwanza, Kamera Baadaye

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa mito, mabwawa na mazingira ya jiji la Nairobi,

KUH: HALI YA BWAWA LA NAIROBI NA HAKI YA WANANCHI KULITUMIA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunawaandikia hadharani kwa sababu faraghani tumegonga mwamba. Barua zetu zilipokelewa na kupigwa muhuri, nasi tukarudi nyumbani na nakala zenye muhuri. Tulipofuatilia, tuliambiwa faili iko kwa mkubwa. Mkubwa akasema jambo hili si la ofisi yake. Ofisi ya pili ikatuelekeza kwa ya tatu, na ya tatu ikatushauri, kwa upole kabisa, tuanze na ile ya kwanza. Hatuna ugomvi na afisa yeyote, ndiyo maana hamna jina la mtu humu. Ugomvi wetu ni hali ya bwawa.

Huenda baadhi yenu mliteuliwa juzi, kwa hiyo tuanze na historia kidogo. Bwawa hili lilijengwa mwaka 1953 kwa kuuzuia Mto Motoine, ili Nairobi iwe na akiba ya maji ya kunywa. Ya kunywa, waheshimiwa. Eneo lake ni ekari 88 hivi, na kina chake cha wastani hata kilipokuwa kizuri hakikufika mita tatu. Kibera iko upande mmoja, mitaa ya Lang'ata upande wa pili. Kwa miaka mingi mwisho wa juma ulikuwa na mashua za tanga hapa. Kulikuwa na klabu ya mabaharia wa jijini, mashindano, na watu wa kawaida wakivua kwa ndoana ukingoni. Wazee wa pande zote mbili wanayasimulia haya, na vijana wanadhani wazee wanatia chumvi.

Yafuatayo ndiyo yanayotusumbua.

1. Maji yenyewe hayaonekani

Simameni juu ya tuta asubuhi yoyote. Mtaona uwanja wa kijani kibichi wenye maua ya zambarau, mzuri kwa picha kama hujui ni nini. Ni magugu maji. Hivi majuzi tulimwona mbwa akimfukuza ndege aitwaye kwarara juu ya magugu hayo, akikimbia kana kwamba yuko malishoni. Alifika mbali. Kisha miguu ya nyuma ikazama, akahangaika, akajikokota hadi nchi kavu akiwa mweusi tumbo zima, na harufu aliyokuja nayo ikatufanya sote tusogee. Watoto waliokuwa karibu walicheka, kwa kuwa wameshazoea. Mpira wao ukiangukia huko, mmoja wao hutumwa kuufuata, naye hupita palepale alipopita mbwa.

Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Katika maji yenye rutuba unaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili tu, na mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi zikingoja nafasi. Chakula chake ni naitrojeni na fosforasi, na hayo ndiyo yaliyomo kwenye kinyesi na maji ya sabuni. Ukiyang'oa magugu na kuacha maji taka yaendelee kuingia, umepalilia tu. Wakenya hatuna kisingizio cha kutojua hili. Ziwa Victoria lilivamiwa tangu mwanzo wa miaka ya 1990; wadudu aina ya fukusi walioletwa kuyala magugu walisaidia sana mwishoni mwa muongo huo, kisha magugu yakarudi, kwa sababu uchafu haukukoma kuingia ziwani. Kule Afrika Kusini, bwawa la Hartbeespoort karibu na Pretoria, ambalo watu huliendea kwa mashua na mapumziko, limepitia hadithi iyo hiyo.

Kwa hiyo tunapoona vijana wamepewa buti na glavu kwa siku moja, wakavuta magugu hadi ukingoni mbele ya wapiga picha, halafu rundo likaachwa palepale lioze na kuteleza tena majini mvua ikinyesha, tunahuzunika. Vijana wale walifanya kazi kwa bidii. Aliyewapangia kazi ndiye aliyewapotezea siku.

2. Maji taka yanaingia mchana kweupe

Hili ndilo jambo lenyewe. Mengine yote katika barua hii yametokana nalo.

Motoine unatoka upande wa Dagoretti, unapita kwenye msitu wa Ngong Road, na ukiwa humo bado ni mto. Ukiingia Kibera unakuwa mtaro. Si siri ni kwa nini. Sehemu kubwa ya Kibera haijawahi kuwekewa mabomba ya maji taka yanayotosha watu wake. Kwa miongo mingi hoja ya wakubwa ilikuwa kwamba makazi hayo si rasmi, basi huduma rasmi haziwezi kufika. Na bila huduma, makazi yakaitwa machafu. Mtu anajisaidia kwenye juala usiku kwa kuwa choo cha kulipia kimefungwa, na njia ya kukifuata gizani si salama kwa mwanamke. Juala hilo huishia mtaroni, na mtaro huishia bwawani. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilisaidia kupunguza majuala mepesi, lakini haikujenga choo hata kimoja.

Tusiishie Kibera, maana hapo ndipo kila mjadala unapopenda kuishia. Sisi wa upande wa pili tunaishi kwenye nyumba zenye vyoo vya kuvuta maji, na hatuulizi maji hayo yanaenda wapi. Bomba likipasuka au likiziba, maji machafu hububujika kutoka kwenye mashimo yenye vifuniko vya chuma, yakakata kona mbili tatu na kuteremka bwawani kimyakimya. Kuna shimo moja karibu na tunapoishi ambalo limekuwa likitema maji hayo muda mrefu kiasi kwamba nyasi zilizo chini yake zimestawi kuliko bustani ya mtu yeyote mtaani. Tumeliripoti. Alikuja fundi, akatazama, akaandika, akaenda.

Uchafu huu haukai hapa pia. Maji yakitoka bwawani huitwa Mto Ngong; hupita Industrial Area na Mukuru, hujiunga na Mto Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, na mwisho huingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi yakiwa yanaitwa Sabaki. Njiani humo watu huyanywesha mifugo, huyamwagilia mboga, na wengine huyanywa.

3. Bwawa linageuka shamba, na shamba linageuka ploti

Tope na takataka vikijaa, ukingo hukauka. Ukikauka, mtu hupanda nduma. Nduma zikistawi, jirani yake hupanda miwa na sukuma wiki. Hatuwalaumu hawa, wanatafuta riziki mahali palipoachwa bila mwenyewe. Tunalosema ni kwamba mboga hizo humwagiliwa maji ambayo hakuna aliyetuambia yana nini ndani, kisha huuzwa sokoni kwetu sote.

Kinachotutia hofu zaidi ni hatua inayofuata. Baada ya nduma huja ua la mabati, baada ya mabati huja vigingi, na baada ya vigingi huja mtu mwenye karatasi anayosema ni hatimiliki. Nairobi inaujua mchezo huu. Ripoti ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kama njugu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inasema mito, maziwa na maji mengine kama hayo ni ardhi ya umma. Tuliomba ramani ya mipaka ya bwawa. Mpaka leo tunaingoja. Kama hamna ramani, semeni. Kama mnayo na hamtaki tuione, hilo nalo ni jibu.

4. Usalama wa tuta

Tutalisema kwa ufupi kwa kuwa sisi si wahandisi. Tuta hili lilijengwa zamani, na wanaoishi chini yake ni wengi kuliko wale wa mwaka 1953. Mei 2018 bwawa la Solai kule Nakuru lilipasuka usiku na kuua makumi ya watu. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliitikisa Nairobi, na serikali yenyewe ikawataka watu wa karibu na mito na mabwawa wahame. Tunataka kujua ni lini tuta hili lilikaguliwa mara ya mwisho na aliyelikagua alisema nini.

5. Watu wa hapa wananyimwa mahali pa kupumzikia

Tukilitaja hili baadhi ya maafisa hutabasamu, kana kwamba tumeomba anasa. Maji taka ni shida, wanakubali, lakini mashua? Ndege? Njia ya kutembelea? Wanatuona tumeshiba.

Basi nendeni Uhuru Park siku ya Jumapili mtazame foleni ya mashua kwenye kile kidimbwi. Baba amevaa suti ya kanisani, mama amebeba mtoto mgongoni, wamelipa ili wazungushwe mara chache kwenye maji yasiyozidi uwanja wa mpira. Wanafurahi kweli. Wenye uwezo zaidi huenda Naivasha, hulipa nauli, mashua na samaki, na kurudi jioni wamechoka kwa foleni ya barabarani. Nairobi ilihesabiwa kuwa na watu karibu milioni 4.4 kwenye sensa ya 2019, na katikati ya makazi yake kuna ekari 88 zilizotengenezwa na binadamu ziwe maji, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye maelfu ya vyumba vya futi kumi kwa kumi.

Mtoto wa Lindi au Silanga, vijiji vya Kibera, anastahili kujua kuogelea. Anastahili kushika usukani wa mashua, kujua upepo unatoka wapi, kukaa ukingoni na ndoana bila kufanya lolote la maana. Kuna watu watakaosema aanze kwanza kula. Anakula, wazazi wake wanahangaika kila siku ili ale. Na akishakula huwa na alasiri nzima ya kumaliza kwenye kichochoro cha upana wa mikono miwili.

Na viumbe bado hawajatukatia tamaa. Yangeyange wapo. Korongo wapo, ingawa wengi wao wamefuata takataka. Kwarara hutuamsha alfajiri kwa kelele zao. Mbuga ya Taifa ya Nairobi iko jirani tu, na ndege hawajui mipaka ya maeneo bunge. Sehemu ya magugu ikifunguka hata kidogo baada ya mvua kubwa, ndege wa majini hushuka siku hiyo hiyo.

Hatuombi mashua kesho. Kumweka mtoto kwenye maji haya leo ni kumtafutia kichocho na homa ya matumbo. Tunachosema ni kwamba lengo la kazi yote liwe hilo: maji ambayo mtu anaweza kuyagusa. Lengo likiwa "kusafisha" tu, kila mtu atatangaza ushindi siku magugu yakipungua.

Sasa, tumekaa ofisini mwenu vya kutosha kujua majibu yatakayotolewa, kwa hiyo tuyajibu mapema.

Mtasema fedha hakuna. Fedha zimetengwa na kutangazwa kwa mito ya Nairobi chini ya serikali zaidi ya moja, na mwaka 2025 ulizinduliwa mradi mkubwa wa kuufufua Mto Nairobi. Tunaukaribisha kwa mikono miwili. Ila Mto Ngong ni kijito cha Mto Nairobi, na bwawa hili liko juu yake. Atakayesafisha chini akaacha juu atasafisha tena mwakani.

Mtasema watu wa Kibera ndio wanaochafua. Tumeshalijibu hapo juu, lakini tuongeze: mkiwahamisha watu kwa nguvu kwa jina la kuokoa bwawa, uchafu utahama nao hadi mto mwingine. Wakazi wa Kibera ndio walio karibu zaidi na maji haya, na ndio wanaoumia zaidi yanapofurika. Mpango usiowahusisha hautadumu hata msimu mmoja wa masika.

Mtasema si jukumu la ofisi yenu. Tunajua maji yana ofisi yake, mazingira yana yake, maji taka yana yake, ardhi ina yake, kaunti ina yake, na tangu 2013 upande mmoja ni eneo bunge la Kibra na mwingine Lang'ata. Hamuoni kwamba uchafu umepita ofisi zote hizo bila kuulizwa kitambulisho?

Na kuna wale watakaosema haiwezekani, Nairobi haisafishiki. Hao tunawaelekeza Globe Roundabout. Pale mtoni palikuwa pa kuogopwa. Marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira alipasafisha, akapanda miti, na leo watu hupumzika kwenye bustani yenye jina lake. Tunawaelekeza Karura pia. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa huko wakiutetea msitu usigawanywe viwanja. Leo wakubwa wale wale wa jiji hukimbia humo asubuhi wakiwa na raba za bei ghali.

Karura inatukumbusha na hofu yetu nyingine, tuiseme waziwazi. Tunahofia bwawa litasafishwa, kisha litawekewa ua, lango, hoteli na tiketi, na yule aliyekaa na uvundo wake miaka yote atalitazama kupitia wavu. Hilo tutalipinga kama tunavyoupinga uchafu.

Tunayoomba ni haya:

a) Mtangaze ramani ya mipaka ya bwawa na orodha ya hati zozote zilizotolewa ndani yake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu ombi la habari. Barua hii ni ombi.

b) Mtuonyeshe mpango wa kukinga maji taka kabla hayajafika bwawani, pande zote mbili, pamoja na tarehe za kuanza na kumaliza. Kazi ianzie hapo. Vyoo na mabomba ya Kibera viwe sehemu ya bajeti ya bwawa, visitengwe kama hisani.

c) Magugu yaondolewe kwa mashine na wadudu kwa pamoja, na yanayotolewa yasombwe siku hiyo hiyo. Kabla ya kuzoa tope la chini, lipimwe, matokeo yatangazwe, na tuambiwe litatupwa wapi. Tope lililokusanya uchafu wa jiji tangu 1953 haliwezi kumwagwa kwenye kiwanja cha shule.

d) Tuta likaguliwe na ripoti iwekwe wazi.

e) Iundwe kamati yenye wakazi wa Kibera na Lang'ata kwa idadi sawa, wakiwemo wanaolima ukingoni. Hawa wapewe kazi ya kwanza ya kulitunza bwawa; wanalijua tope lile kuliko mshauri yeyote atakayelipwa kulisomea.

f) Muahidi kwa maandishi kwamba kutakuwa na njia ya miguu inayolizunguka bwawa lote, bila malipo, bila lango. Anayetaka kuendesha mashua za kukodisha na alipishe mashua; ukingo si wake.

Siku 21 zikipita bila jibu, tutakwenda mahakamani. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu yeyote kuidai bila kuthibitisha kwamba kuna mtu amepata hasara au kuumia. Tumeshazungumza na mawakili walio tayari kutusimamia bila malipo. Tungependelea tusifike huko, kwa kuwa kesi huchukua miaka na magugu hayangoji tarehe ya kusikizwa.

Mkiamua kuja kuona kwa macho yenu, karibuni sana. Njooni na gambuti. Tutaanzia juu, pale Motoine unapotoka msituni, tuteremke nao kwa miguu kupitia Kibera hadi bwawani. Tafadhali msitake kuanzia kwenye tuta.

Wenu katika kulijenga taifa,

Wakazi wa pande zote mbili za Bwawa la Nairobi,
Kibera na Lang'ata